Radhi Kabla ya Breki

Watu wengine huvunja mayai kwa haraka. Mimi nilivunja trei mbili kwa adabu, tena mtawa akiwa kwenye usukani. Tulikuwa tunateremka barabara ya nyuma ya soko la Kangemi, mbele yetu kuna tuta ambalo aliyelijenga hakuona haja ya kulipaka rangi, na mwalimu wa udereva, aliyeketi kushoto kwa mtawa, alikuwa ametamka kwa Kiingereza chake kilichopigwa pasi: “Sister, kindly, if you don't mind, slow down a little.” Mimi nilikuwa kiti cha nyuma. Kazi yangu ilikuwa kuyageuza maneno hayo yawe Kihispania kabla hatujalifikia tuta. Basi nikaanza mwanzo, kama mtu mwenye malezi. “Hermana,” nikasema, yaani Sista. “Por favor,” yaani tafadhali. Kisha nikatafuta namna ya kusema “kama hutajali”, nikaipata, “si no le molesta”, nikajipongeza kimoyomoyo kwa kuipata, na nilipofungua mdomo kuingia kwenye lenyewe, la kupunguza mwendo, nikakuta tayari tuko hewani. Tulipotua, mwalimu alisema Bismillahi, kitambaa cha kichwani cha mtawa kilikuwa kimemfunika jicho moja, na buti, ambamo tulikuwa tumebeba mayai ya watawa kutoka sokoni, ilianza kudondosha kitu cha manjano barabarani. Nikaimalizia sentensi yangu. Sikuona kwa nini niiache katikati.

Nimeyakumbuka mayai hayo mwezi uliopita, Sista Rosario alipokuja kututembelea kutoka kwao Peru, baada ya miaka mingi kiasi kwamba nywele zinazochungulia chini ya kitambaa chake zimekuwa nyeupe, na zangu zimeamua kuondoka kabisa. Alinikuta ploti ile ile, mlango ule ule, nyuma ya mashine ile ile ya kufuma sweta za shule. Alinikuta pale aliponiacha, kama kabati. Akasimama mlangoni akacheka, halafu akaniambia kwa Kiswahili chake cha Kangemi, “Enosi, wewe bado uko ndani?” Nikamjibu niko ndani, karibu. Alipoketi kitandani kwangu na kuanza kunywa chai, macho yake yakizunguka chumba kama ya mtu anayehesabu kilichoongezeka na kukuta hakuna, ndipo nilipoanza kuufikiria ule mwaka mmoja ambao nilitoka nje.

Kutoka nje, kwangu, halikuwa jambo dogo. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na kupata alama za kunitosha kukaa nyumbani, na nyumba nilikuwa nayo: chumba kimoja cha mabati, kitanda upande huu, mashine upande ule, na katikati nafasi ya mtu mmoja kugeuka akiwa amekusudia. Kufuma ni kazi ya mikono. Mkono unakwenda kulia, mkono unarudi kushoto, shrr, shrr, na akili imeachwa bila la kufanya. Siku moja nilipokwenda mjini kununua nyuzi, nikakuta mtu ametandika vitabu vya mitumba kando ya njia, na juu ya vitabu boksi la kaseti za kufundisha watalii Kihispania, boksi lenyewe limepasuka lakini kaseti zote zimo. Nilizichukua kwa sababu mikono yangu haikuwa na nafasi ya kushika kitabu. Baada ya mwaka wa shrr, shrr, ningeweza kuomba kwa Kihispania chumba kinachotazama bahari, kumrudisha samaki jikoni kwa heshima kwa kuwa hajaiva, na kuuliza jumba la makumbusho linafungwa saa ngapi. Bahari sijaiona mpaka leo. Jirani yangu wa ukuta, Mama Mideva, aliyeuza mboga za mrenda na saga pale sokoni, aliisikia kozi yote bila kutaka. “Enosi!” angeita kupitia mabati. “Hiyo ni pepo ama ni masomo?” “Ni masomo, Mama.” “Basi ambia hao watu wa ndani ya redio wapunguze sauti. Nimelala.”

Ni yeye aliyeniuza. Jumapili moja padre alitangaza kwamba watawa wa zahanati wamepata mwenzao mpya, nesi kutoka Peru, na kwamba anatakiwa kujifunza gari lakini Kiingereza bado kinampiga chenga. Je, kuna mtu yeyote hapa anayefahamu Kihispania? Nikainamisha kichwa kama mtu anayesali. Nikasikia benchi likilia, na Mama Mideva, aliyesimama kwa taabu kwa sababu ya mguu, akanyoosha kidole juu ya vichwa vya waumini. “Huyu hapa! Huyu huongea hiyo lugha na ukuta kila siku!” Tulipotoka nje nikamwuliza kwa nini amenifanyia vile mbele za watu. Akajishikilia kwenye ukuta wa kanisa, akanitazama kutoka juu hadi chini. “Usinitolee macho, kijana. Wewe unajua ile gari ya masista?” Nilijua. Kangemi nzima ilijua lile gari dogo jeupe lililowapeleka wagonjwa hospitali ya Parklands. “Sista Agnesi ndiye huendesha, na macho yake imeisha. Juzi alisalimia nguzo ya stima. Mkubwa wao amesema mwaka ikiisha bila dereva, gari inaenda kwa nyumba yao ingine huko mbali. Sasa mimi niko na sukari, niko na kidonda, na daktari ameniambia peupe: Mama, ukikosa kuja kusafishwa, tutakata hii mguu. Nitapelekwa na nani? Utanibeba wewe?” Nilimtazama. Alikuwa mwanamke mpana. “Siwezi, Mama.” “Basi enda ukaongee hiyo Kihispania.”

Hivyo ndivyo nilivyojikuta ghorofa ya tatu ya jengo moja upande wa chini wa mji, kwenye chumba kilichokuwa na duka la vitambaa chini yake na chuo cha ususi juu yake, kiasi kwamba mchana kutwa kulinuka nywele zilizochomwa. Katikati ya chumba kulikuwa na meza pana iliyochorwa mji mzima: barabara, mizunguko, vivuko vya milia, reli, na vigari vya kuchezea ambavyo mwanafunzi huvisukuma kwa kidole ili amwonyeshe mtahini kwamba anajua nani apite kwanza. Mwenye meza alikuwa Mwalimu Athumani, mzee wa Lamu aliyeishi Nairobi muda mrefu bila kuikubali baridi yake. Alivaa kofia ya vito, ile ya kudariziwa ya kwao, sweta mbili, na Kiingereza. Nasema alikivaa kwa sababu alikitunza vile vile, hakikuwa na kunjo. Mtihani ni wa Kiingereza au Kiswahili, alieleza, na Sista hana hiki wala kile, basi yeye atasema kwa Kiingereza ili masikio ya Sista yazoee, na mimi nitamfikishia maana. “Na neno la kwanza,” akasema, akikisukuma kigari chekundu kuelekea kwenye kivuko, “ni kupunguza mwendo. Kuongeza, kila mtu anajua mwenyewe.”

Kumbe kupunguza mwendo si kitu kimoja. Kwa Mwalimu Athumani kulikuwa na “ease off”, ambako unautoa mguu kwenye mafuta na kuliacha gari lijichokee lenyewe. Kulikuwa na “brake”, ambako unakanyaga. Kulikuwa na “steady”, umefika mwendo unaofaa, sasa ushike hapo hapo. Kulikuwa na “slow down” ya tuta na “slow down” ya mbuzi, na alizitamka kwa sauti mbili tofauti. Mimi nilikuwa na kaseti za watalii, ambamo mtu hupanda teksi na kushuka bila gari kuonekana likifanya lolote. Nilitafuta kamusi. Kamusi ikanipa “aminore la marcha”, neno refu, la kung'aa. Nikalileta siku iliyofuata nimelishika kama keki. Sista Rosario, mwanamke mfupi wa miaka kama thelathini hivi, mwenye mashavu mekundu ya mtu aliyekulia milimani kwenye baridi, alisikiliza kwa makini, kisha akacheka mpaka akaegemea reli ya kwenye meza. Kwao, alisema, neno hilo lilikuwa la kwenye vibao vya serikali, hakuna mtu aliyewahi kulisema kwa mdomo wake. Basi tukayatengeneza upya sisi watatu. Mwalimu anasukuma kigari na kuonyesha anachotaka, mimi namwuliza Sista kwenu mtu angesemaje hapo, Sista anafunga macho, anainua mguu wake halisi kutoka kwenye mafuta yasiyokuwapo, na kusema, “Suelte.” Achia. Hiyo ndiyo ikawa “ease off”. “Frene” ikawa breki. Na ile ya kila kitu, ya tuta na ya mbuzi, ya watoto wa shule na ya mama mwenye mzigo, ilikuwa “despacito”, polepole, aliyoitamka kama mtu anayemtuliza mtoto. Niliyapenda maneno hayo. Adhuhuri tuliteremka kwenye mkahawa wa Waswahili jirani na kula mahamri na mbaazi, Sista akiyatamka na kinywa kimejaa, “mahamri, frene, mahamri, suelte,” hadi karani mmoja wa meza ya pili akamwuliza mwenzake, “Hiyo dini gani mpya?”

Maneno tulikuwa nayo, basi. Ndiyo maana mayai yale yalituuma. Jioni ile tulikaa jikoni kwa watawa, chumba chenye meza ndefu, sufuria zinazoning'inia na dirisha linalotazama mabati ya Kangemi yakishuka hadi bondeni, na yale mayai yaliyosalimika nusunusu yalikuwa yamekaangwa pamoja na viazi yakawa kitu kimoja kikubwa kama gurudumu. Sista Agnesi, yule wa macho yaliyokwisha, alikuwa anakula akipapasa sahani. Nilikuwa nimekwisha kujiandaa kuomba msamaha na kurudi kwenye sweta zangu. Sista Rosario akaweka uma chini na kuniambia kwa Kihispania, taratibu ili nimpate, “Ninapokuwa naendesha, nawasikia nyinyi wawili mnaniomba. Mwalimu ananiomba, kisha wewe unaniomba. Na si vizuri kumkatiza mtu anayeomba. Nangoja mmalize.” Nikamgeuzia Mwalimu. Mwalimu naye akaweka uma chini.

“Ati anangoja tumalize?”

“Ndiyo, Mwalimu.”

“Subhanallah. Kumbe sote watatu tuna adabu.” Akavua kofia, akaitazama ndani. “Mwanangu, mimi kwetu mtu haanzi na amri. Hata paka akiziba njia huambiwa tafadhali. Na huyu ni mtu wa Mungu, ingawa si wa upande wetu. Nitamwambiaje mtumishi wa Mungu ‘Kanyaga!’ kama namfukuza mbuzi?”

Mimi nami sikuweza. Nilikuwa nimelelewa kwamba mbele ya Sista hata kukohoa huombewa ruhusa. Tukakaa tukilitazama lile gurudumu la mayai, na nikawaza mguu wa Mama Mideva, na nikaona wazi kabisa ukikatwa kwa sababu ya tafadhali. Ni Mwalimu aliyepata njia, na mpaka leo nikikumbuka huwa natabasamu peke yangu kwenye mashine, kwa sababu wazo lile lisingetoka kwa mtu ambaye hajatoka alikotoka yeye. Kwao, alisema, mtu anayesafiri huwapitia watu na kuombana radhi mapema, kwa lolote lililopita na lolote litakalotokea, ili njiani asiwe na deni la mtu moyoni. “Basi na sisi tuombane kabla ya kuwasha. Radhi ya saa nzima, kwa jumla. Baada ya hapo hakuna Sista wala Mwalimu, ni neno tu.”

Kesho yake, gari likiwa limezimwa mbele ya zahanati, Mwalimu Athumani aligeuka kwenye kiti, akaweka mkono kifuani. “Sista, yote nitakayokuamrisha mpaka tuzime injini, niwie radhi.” Nikalitafsiri lote, na kwa kuwa gari lilikuwa limesimama, nililitafsiri kwa madoido, sikubakisha hata kipande. Sista Rosario akajibu kwamba amesamehe, na kwamba naye anaomba radhi mapema kwa chochote atakachogonga. Mimi nikaomba ya kwangu. Akawasha. Na mita chache mbele, tuta lile lile lilipotokea, Mwalimu akasema “Brake!” nami nikapiga kelele “Frene!” na gari likapanda tuta kama mama mjamzito anayepanda ngazi, likashuka upande wa pili, na hakuna kilichomwagika. Nilihisi kama nimetukana kanisani na kanisa likanipigia makofi. Wiki nzima tukapita Kangemi, dirisha wazi, mimi nikibweka nyuma. “Suelte! Frene! Despacito!” Mwanamke mmoja anayechoma mahindi kando ya barabara akamwambia mwenzake, nikasikia vizuri, “Ona huyo kijana wa sweta anavyofokea Sista. Atachomwa na moto huyo.” Nilipofika nyumbani habari ilikuwa imenitangulia. “Enosi,” Mama Mideva aliita kupitia mabati, “nimesikia unafokea Sista wa watu.” “Ndiyo, Mama.” Nikasikia akijigeuza kitandani. “Fokea tu.”

Nikiri jambo moja: nilianza kujiona. Kijana aliyekuwa haonekani nje ila siku ya kununua nyuzi sasa alikuwa anasalimiwa. Nilitembea nikiwa nimechomekea shati. Kila gari lilipopunguza mwendo niliona kama ni mimi niliyelipunguza, kwa mdomo wangu, na jioni nilifuma huku nikiyarudia maneno, na hata sweta za mwaka ule, nikizitazama leo kwenye picha za watoto wa shule, naona zilitoka na mikono mirefu kidogo. Basi siku ya mtihani ilipofika sikuwa na wasiwasi wowote. Nilibaki nje ya uwanja wa mtahini pamoja na Mwalimu, tukala njugu, tukaliangalia gari likiondoka na Sista, na mtahini kando yake, kuelekea Parklands. Lilirudi mapema mno. Mtahini ndiye aliyekuwa anaendesha.

Kwenye kivuko cha milia karibu na hekalu la Wahindi, bibi mmoja aliyevaa sari, ameshika mkono wa mjukuu wake, alikuwa amekwisha kuweka mguu barabarani. Sista Rosario aliwaona. Aliniambia mwenyewe, ameketi kwenye ukingo wa mtaro na mikono imelala mapajani: aliwaona vizuri kabisa, hata rangi ya sari aliiona. Lakini mtahini hakusema kitu, kwa kuwa mtahini hakuwekwa pale kusema. Mguu wake ulingoja neno. Neno halikuja. Mtahini akavuta breki ya mkono mwenyewe, bibi akapita salama akimtupia Sista maneno ambayo hayakuhitaji mkalimani, na mtihani ukaishia hapo. “No te oí,” aliniambia. Sikukusikia. Na sitadanganya, kabla ya huzuni kunifikia kulitangulia kitu kingine, furaha ndogo ya kijinga, kwamba kulikuwa na mtu duniani ambaye mguu wake ulikuwa unaingoja sauti yangu. Ilidumu mpaka nilipofika nyumbani. Mama Mideva alikuwa ameketi mlangoni kwake, mguu uko juu ya kigoda, umefungwa bandeji nyeupe. Alikuwa amekwisha kusikia. Nilingoja anitukane. Hakusema hata neno moja, na mwaka ule ndipo nilipojifunza kwamba mwanamke huyo alikuwa na ukimya ndani yake. Alitazama tu mguu, jinsi mtu anavyomtazama mgeni akifunga mizigo.

Kulikuwa na nafasi moja tu iliyobaki kabla mwaka haujafungwa. Mwalimu Athumani alikuja kwangu, mara yake ya kwanza Kangemi kwa miguu, akasimama katikati ya chumba changu, kwenye ile nafasi ya mtu mmoja, mimi ikabidi nikae kitandani. “Mwanangu, tumekosea tena,” akasema. “Tumemfundisha kututii. Gari halitii mtu wa nyuma.” Kuanzia siku hiyo, akasema, mimi nitapanda gari kama kawaida, ili Sista asione kwamba amenyang'anywa kitu ghafla, lakini nitanyamaza. Nikamwambia hilo ni rahisi. Akanitazama kwa huruma, akanipa mfuko wa karatasi. “Mahamri hayo. Ukisikia neno linakuja, uma. Mdomo uliojaa hautafsiri.”

Jumapili za mwisho kabla ya mtihani tulizunguka Parklands, mahali ambapo barabara zina kivuli, kengele za hekalu zinasikika juu ya kuta, na magari ya watu binafsi hutokeza pua kwenye mageti bila kuuliza. Tuliombana radhi kama kawaida. Kisha hakuna aliyesema. Mwalimu alihesabu tasbihi ndani ya mfuko wa sweta, mimi nilikula. Gari la kwanza lililotokeza geti tulilikwepa kwa rehema tu, na nikauma hamri mpaka meno yakagongana. Tuta la kwanza tuliliruka. Jumapili ya pili nilikuwa nimeanza kunenepa, na tulikuwa tunakaribia kivuko kile kile cha milia, kitupu siku hiyo, hakuna bibi wala mjukuu, nilipoona mguu wa Sista ukitoka kwenye mafuta. Nilitazama mdomo wake kwenye kioo. Ulikuwa unacheza. “Suelte,” alijiambia, kwa sauti ya chini ya mtu anayesali rozari. “Despacito, despacito.” Gari likaja taratibu hadi kwenye mistari, likasimama, likangoja watu ambao hawakuwapo. Kisha akaongeza, kwa Kiingereza, na kwa lafudhi ya Lamu kabisa, “Kindly.” Mwalimu Athumani aligeuza uso akatazama nje ya dirisha kwa muda mrefu. Mimi sikuwa na hamri iliyobaki, ila nilinyamaza vile vile.

Sista alipita mtihani. Alirudi yeye mwenyewe akiwa kwenye usukani, mtahini kando yake akiwa na uso wa mtu aliyechoshwa na kazi nzuri, na hakutaka kusherehekea kwanza. Alitupakia na kwenda moja kwa moja hadi mlangoni kwa Mama Mideva, ambaye siku ya kusafishwa mguu wake ilikuwa ile ile. Mama Mideva akaingia mbele. Akafunga mkanda, akatazama kila kitu, akamtazama Sista. “Wewe ndio wa mayai?” Sista, ambaye Kiswahili chake wakati huo kilikuwa cha maneno ishirini, akaelewa neno la mwisho na kuitikia kwa kichwa. “Sawa. Twende, lakini mimi si trei.” Tulifika hospitali ya Parklands bila yeyote wetu kunyanyuka kwenye kiti. Daktari aliusafisha mguu, akausifu. Kutoka huko tukaenda Kenyatta Market, kwa sababu Mwalimu alisema mtu hapewi leseni akala maharagwe, akahakikisha kwanza aliyechinja ni nani, kisha tukaketi kwenye mabenchi katikati ya moshi, nyama inakatwa mbele yetu, kachumbari pembeni, na kutoka vibanda vya nywele wasichana wakimwita Sista Rosario, “Sista, kuja nikusuke! Hata chini ya hiyo kitambaa, Mungu ataona!” Nilimgeuzia. Alicheka akajibu atarudi. Na tulipokuwa tumeshiba, Mwalimu Athumani akaosha mikono, akaweka mkono kifuani. “Sista, nina tafadhali zako za miezi mingi sijakulipa.” Akaanza kuzisema: tafadhali, tafadhali, tafadhali, akizihesabu kwenye vidole, moja ya tuta, moja ya mbuzi, moja ya geti, hadi wenye meza za jirani wakageuka. Nilizitafsiri zote. Hakukuwa na haraka.

Mwalimu alirudi Lamu na akafia huko, akiwa amelizoea tena joto, naamini. Gari lilibaki Kangemi, na baada yake likaja jingine. Mimi sikuwa mkalimani mkubwa wa mikutano kama nilivyokuwa nimeanza kuota. Nilimsaidia Sista zahanati kwa miezi michache, nikiwageuzia akina mama maumivu yao, hadi Kiswahili chake kikapita Kihispania changu na akaniambia kwa upole nirudi kwenye sweta. Nilirudi. Nilikaa vizuri, sitaki mtu anionee huruma. Chumba changu nakipenda, na kila mwaka napeleka watoto kadhaa shuleni wakiwa na joto. Lakini sasa hapa, mwezi uliopita, Sista Rosario amemaliza chai, amekiweka kikombe sakafuni, na ameniuliza swali ambalo nilikuwa nimefanikiwa kulikwepa kwa nusu ya umri wangu. “Na leseni yako, Enosi?” Nikacheka. Akangoja. Nikamweleza kwamba mimi, niliyezijua breki kwa lugha tatu, sijawahi kugusa hata moja kwa mguu. Akasimama, akafungua mlango wangu, akaushikilia wazi mpaka nikaona aibu nikatoka.

Alinipeleka hadi uwanja wa zahanati, akaomba ufunguo, akaniketisha upande wa kulia. Yeye akaketi kushoto, mahali pa Mwalimu. Nilikuwa na jasho hadi kwenye kope. Kabla sijagusa chochote aligeuka kwenye kiti, akaweka mkono kifuani, na mzee yule wa Lamu akawa yumo garini pamoja nasi. “Yote nitakayokuamrisha mpaka tuzime injini,” akasema kwa Kiswahili, bila kukosea hata neno, “niwie radhi.” Nikamwambia nimekuwia. Nikawasha. Gari likatetemeka, au ni mimi. Nikaachia klachi kidogo kidogo kama anayefungua bandeji, na uwanja ukaanza kusogea: ukuta wa zahanati, kamba ya mashuka, tangi la maji. Sista hakuniamrisha lolote. Alikuwa anatazama mbele, anatabasamu, mikono imelala mapajani. Nilisikia kitu kikigonga ardhi kando ya dirisha langu, tok, tok, nikaogopa kugeuza kichwa, nikakigeuza. Alikuwa Mama Mideva, mzee sasa, na fimbo yake, na miguu yake miwili, anatembea sambamba nami, halafu mbele yangu kidogo, halafu mbele zaidi. Alipofika kwenye boneti akasimama, akanigeukia, akagonga bati la gari kwa fimbo.

“Kanyaga mafuta, wewe! Hata hii mguu yangu mbaya inakupita.”